Mteremko upimwe kabla kombaini haijaingia shambani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wenye mashamba ya vilimani, wanaokodisha mashine za kuvunia na vijana wanaozikalia. Kila kombaini inapopinduka, habari huandikwa kwa maneno yaleyale: dereva alishindwa kuimudu. Maneno hayo hufunga mjadala pale ambapo ungepaswa kuanza. Mara nyingi mashine hiyo ilishapinduka kihesabu tangu asubuhi, pale mtu aliposimama chini ya kilima, akanyoosha kidole na kusema, "Anzia kule juu." Hakuna aliyepima. Aliyekufa anabebeshwa lawama, na wiki inayofuata mashine nyingine inapandishwa ubavu uleule.

Hesabu yenyewe haihitaji chuo. Mashine ya magurudumu hubaki imesimama maadamu uzito wake, ukishushwa kwa timazi kutoka kwenye kitovu chake (mahali uzito wote wa mashine unapolingana), unaangukia ndani ya eneo linalozungukwa na magurudumu. Ukiangukia nje, hakuna usukani wala breki ya kuirudisha. Chukua kombaini ambayo kutoka katikati ya tairi la mbele la kushoto hadi la kulia ni mita 3. Nusu yake ni mita 1.5. Tangi la nafaka likiwa tupu, tuseme kitovu cha uzito kiko mita 1.6 kutoka ardhini. Mashine hiyo ikiinamia ubavu, kwenye karatasi itapinduka ikifika nyuzi 43. Mtu akisikia nyuzi 43 hushusha pumzi, kwa kuwa hakuna anayelima ngano kwenye ukuta.

Sasa inama uangalie ekseli ya nyuma. Haikufungwa imara kama ya mbele. Imeshikwa katikati kwa pini moja, ili magurudumu yake yapande na kushuka kufuata ardhi. Maana yake ni kwamba, mpaka ekseli hiyo igonge vizuizi vyake, mashine haisimami juu ya pembe nne. Inasimama juu ya pembetatu: magurudumu mawili ya mbele na ile pini. Kitovu cha uzito kikiwa robo ya njia kutoka ekseli ya mbele kwenda ya nyuma, upana wa pembetatu mahali hapo ni robo tatu tu ya upana wa mbele. Ile mita 1.5 imekuwa mita 1.12. Kisha jaza tangi. Lita 9,000 za ngano ni karibu tani 7, na zote zinakaa mabegani mwa mashine. Kitovu cha uzito kikipanda hadi mita 2, pembe ya kupinduka inakuwa nyuzi 29. Nyuzi 14 zimekwenda na dereva hajakosea chochote.

Gurudumu la upande wa juu likikanyaga kichuguu cha sentimita 20, mashine inainama karibu nyuzi 4 zaidi. La upande wa chini likitumbukia kwenye shimo la kina hichohicho kwa wakati mmoja, nyuzi nyingine 4. Tumebakiwa na 21. Nafaka ndani ya tangi nayo haitulii, inatambaa kuelekea upande wa chini. Kwenye mteremko wa asilimia 20, mashine ya vipimo hivi huhamishia magurudumu ya chini sehemu 13 katika kila 100 za uzito wake, kwa hiyo mgawanyo wa 50 kwa 50 unakuwa 63 kwa 37, na tairi lenye upepo pungufu likibebeshwa hivyo linalala na kuiongezea mashine mwinamo. Ikiwa dereva yuko kwenye kona, mwendo wa kilomita 12 kwa saa badala ya 6 huzidisha msukumo wa kwenda nje mara 4, wala si mara 2. Hapo ndipo "alishindwa kuimudu" inapoandikwa.

Vipimo hivi ni vya mfano, kuonyesha njia tu. Vya mashine yako vimo katika kitabu chake, na kikomo kilichoandikwa mle ndicho kikomo, hata kama jirani amewahi kukipita akarudi salama. Ushauri wangu kwa anayefanya hesabu mwenyewe ni kwamba asikaribie hata nusu ya pembe anayoipata, kwa sababu vichuguu, mashimo na unyevu havimo kwenye karatasi.

Upo mtego mmoja unaowanasa hata wazoefu: asilimia na nyuzi si kitu kimoja. Nyuzi 10 ni karibu asilimia 18, nyuzi 20 ni asilimia 36, na nyuzi 45 ni asilimia 100. Kitabu kikisema asilimia 20 na simu ya msimamizi ikasoma 20 huku imewekwa kwenye nyuzi, wameshakubaliana kuingia kwenye mwinamo unaokaribia mara mbili ya ule ulioruhusiwa.

Kupima kwenyewe kunahitaji mbao iliyonyooka ya mita 1, pima maji ya fundi mwashi, na tepu. Ncha moja ya mbao iguse ardhi upande wa juu. Inua ncha ya pili mpaka kitone cha hewa kikae katikati, kisha pima kutoka hapo hadi ardhini. Ukipata sentimita 20, mteremko ni asilimia 20. Mbao ya mita 2 ni bora zaidi, maana haidanganywi na tuta dogo, ila ugawe jibu kwa 2. Anayetumia simu ailaze juu ya mbao, asiiweke kwenye udongo. Pima kwa kufuata njia ambayo magurudumu yatapita, kila baada ya hatua 20 hivi, na upime zaidi pale mashine itakapogeuzia. Wastani wa shamba zima hauna faida yoyote hapa, kwani mashine hupindukia kwenye mita 5 zilizo mbaya kuliko zote.

Kazi hiyo ifanywe kwa miguu na dereva mwenyewe awepo, kabla mazao hayajafika kifuani. Mazao yakishasimama huficha mawe, visiki, mashimo ya wanyama na mifereji iliyochimbwa na mvua ya msimu uleule. Kila unachokikuta kiwekewe mti mrefu wenye kitambaa kitakachoonekana juu ya masuke. Kwenye ukingo wa korongo au wa tuta la kontua (tuta linalokatiza kilima kwa usawa), magurudumu yabaki mbali na ukingo kwa umbali usiopungua kina chake: korongo la mita 2, kaa zaidi ya mita 2. Mvua ikiwa imenyesha karibuni, ongeza sana. Ukingo huliwa na maji kwa chini, na kwa juu nyasi huwa zimesimama vilevile kama jana.

Kuna jambo ambalo dereva aliyezoea trekta hushindwa kulikumbuka kwa haraka: kombaini hukatia kona kwa magurudumu ya nyuma. Ukiigeuza ielekee juu ya kilima, mkia wake unakwenda chini. Karibu na ukingo, dereva anaitazama heda, yaani kile kifaa cha mbele kinachokata mazao, ikisogea salama kwenda juu, na nyuma yake gurudumu limeshaning'inia. Kisha kuna uzito wa heda. Heda ya mita 6 inaning'inia mbele ya ekseli ya mbele, na mashine ikishuka, uzito hukimbilia huko. Magurudumu ya nyuma hubaki mepesi, na hayo ndiyo ya usukani. Dereva anazungusha, mashine inaendelea kwenda ilikokuwa inakwenda. Akikanyaga breki kwa nguvu, ambazo ziko mbele, anayanyanyua ya nyuma zaidi. Kwa hiyo kushuka ni polepole, heda ikiwa chini kadiri ardhi inavyoruhusu, na kona zote zimeachiwa mahali palipolala.

Gia ichaguliwe kabla ya kuanza kushuka. Kombaini nyingi huendeshwa kwa pampu na mota ya haidroliki, yaani ya mafuta yenye shinikizo, na mota hiyo ndiyo huizungusha giaboksi. Ukiwa kwenye gia ya barabarani, uzito wa mashine huisukuma mota, mota huisukuma pampu, na injini huzungushwa kupita mwendo wake. Mlio wake hupanda wakati mkono wa dereva haujasogea. Huo mlio ni onyo. Anayejaribu kubadilisha gia hapo, akapitia gia huru, amebakiwa na breki za miguu peke yake dhidi ya tani 20 na zaidi.

Utaratibu wa tangi ndio ambao ningependa kila msimamizi aushike, kwa sababu haugharimu kitu. Kila tangi lianzie mahali penye mwinamo mkali likiwa tupu, na limaliziwe tambarare. Wengi hufanya kinyume: huanza chini mashine ikiwa nyepesi, wakapanda jinsi kazi inavyokolea, na wanafika kwenye mbavu kali za kilima wakiwa na tani 6 kichwani. Sehemu kali zikatwe tangi lisipite nusu, hata kama ni kwenda kumwaga mara 2 zaidi. Kumwaga kufanyike mashine imesimama mahali palipo sawa. Bomba la kumwagia likifunguliwa kuelekea bondeni, ni mzigo mwingine umening'inizwa upande uleule unaotaka kuanguka. Trekta na trela visikae chini ya kombaini, na mtu yeyote asipite wala kupumzika upande wa chini yake, hata ikiwa imezimwa.

Asubuhi yenye umande ni hatari ya namna yake. Mabua yaliyokatwa na kulala juu ya udongo wenye unyevu huteleza vibaya, na kombaini huanza kusota kwa ubavu kabla ya kufika pembe ya kupinduka. Mtu hudhani kuteleza ni afadhali kuliko kupinduka. Sivyo. Mashine inayoteleza ubavu ubavu ikigonga jiwe, kisiki au tuta kwa gurudumu la chini, hujikwaa kama mtu, na mwili wote hupita juu ya kile kilichouzuia. Mashine yenye minyororo ya mpira haina kinga hapa. Mnyororo uliojaa matope na majani hauna meno tena. Subirini umande ukauke, na msikatie ubavu wa kilima siku ya manyunyu.

Wapo watakaoniambia kwamba siku hizi kuna kombaini zinazojisawazisha zenyewe. Zipo, na si za jana. Kampuni ya Holt ya Stockton, California, ilitoa kombaini ya kilimani mwaka 1891, na katika vilima vya Palouse, jimbo la Washington, Raymond Hanson alitengeneza mfumo wa kuisawazisha bila mkono wa mtu miaka ya 1940. Lakini kilichotafutwa hasa ilikuwa nafaka. Kwenye mwinamo wa ubavu, makapi na punje hurundikana upande wa chini wa machekecheo, upepo hupitia upande wa juu uliobaki wazi, na punje huangukia shambani pamoja na mabua. Kusawazisha mwili kuliponya hasara hiyo. Ni kweli pia kwamba hurudisha uzito upande wa juu, na hilo ni la maana sana. Tatizo ni makalio ya dereva. Kwenye mashine ya kawaida mwili wake humwambia kwamba ameinama. Kwenye hii, kiti kiko sawa kama cha sebuleni huku magurudumu yakiwa kwenye asilimia 30. Silinda za haidroliki zinazoisawazisha zikifika mwisho wa urefu wao, kila mwinamo unaoongezeka unaingia mwilini mwa mashine moja kwa moja. Dereva wa mashine hiyo aangalie kipimo cha mteremko, asisikilize kiti. Na mipira ya haidroliki ya silinda hizo ikaguliwe kila asubuhi: iliyochubuka, iliyovimba au inayotoa jasho la mafuta ibadilishwe siku hiyohiyo.

Kuhusu trela nitasema machache, ingawa huua sawasawa na kombaini. Trela la tani 8 lisilo na breki nyuma ya trekta la tani 4 halivutwi kwenye mteremko, linasukuma. Trekta hukunjwa ubavuni kama kisu cha kukunja. Trela liwe na breki zake, pedali 2 za breki za trekta zifungwe pamoja, mzigo upunguzwe nusu, na kamwe isikanyagwe klachi wakati wa kushuka. Wakati wa kupanda, trekta lililokokota kizito kutoka mahali pa juu kuliko ekseli ya nyuma linaweza kunyanyuka mbele na kupinduka kinyumenyume. Hapo inapita karibu robo tatu ya sekunde kufika mahali pasipo na kurudi, na sekunde 1.5 hivi kulala chali. Hakuna mguu unaoweza kushindana na muda huo. Minyororo na trela vifungwe kwenye kiungio cha chini peke yake.

Sasa nije kwa jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu wanaoumia ni wasaidizi, vijana ambao majina yao hata hayamo kwenye mkataba. Kilimani nafaka hulala upande mmoja wa tangi, na bomba la kumwagia linapoanza kunyonya, rundo la upande wa pili hubaki limeganda. Kijana hupanda, akaingia ndani kwa miguu mitupu kulisukuma. Chini ya miguu yake kuna parafujo la chuma linalozunguka, lenye uwezo wa kutoa lita 80 kwa sekunde. Tangi la lita 9,000 huisha chini ya dakika 2. Haoni ncha yake kwa sababu imefunikwa na nafaka ileile anayoisukuma. Nafaka iliyoganda huachia ghafla. Hapo hata kelele yake haisikiki ndani ya kibanda. Kijiti kirefu cha mbao kitumike kutoka nje ya tangi, injini ikiwa imezimwa. Mashine iwekwe tambarare kwanza na tatizo lenyewe mara nyingi halitakuwepo.

Ni vilevile heda inapoziba. Mashine isogezwe mahali pa usawa ikiwa inawezekana kabisa. Heda ishushwe ardhini, au kama lazima ibaki juu, pingu ya chuma ya silinda ivalishwe. Breki ya kuegesha, kabari 2 upande wa chini wa magurudumu, injini izimwe, na funguo iingie mfukoni mwa yule anayekwenda kuchomoa mabua, asiachiwe mwingine. Kabari ziwe za mbao ngumu zilizochongwa. Jiwe hubiringika.

Kibanda cha vioo si kinga. Vibanda vya kombaini nyingi vilitengenezwa kuzuia vumbi, jua na kelele, na haviwezi kubeba uzito wa mashine iliyolala juu yake. Ulizeni kama kibanda kimethibitishwa kustahimili kupinduka. Kwenye matrekta jambo hili lina ushahidi wa miaka mingi: Sweden iliamuru mwaka 1959 kwamba trekta jipya liwe na fremu ya kumkinga dereva, na vifo vya kupinduka, vilivyokuwa 17 kwa kila matrekta 100,000 mwaka 1957, vilishuka hadi 0.3 mwaka 1990. Fremu hiyo hufanya kazi pamoja na mkanda wa kiti. Asiyefunga mkanda hurushwa nje, na fremu iliyokusudiwa kumwokoa humwangukia. Fremu ya kukunja iliyolazwa nyuma kwa sababu ya matawi ni sawa na kutokuwa nayo. Na dereva asiruke: mashine inapoanza kulala, upande ambao mwili wake utaangukia ndio huohuo mashine inakokwenda. Ashike usukani, akaze miguu, abaki ndani ya mkanda. Abiria kwenye ngazi hana mkanda wala fremu, kwa hiyo asiwepo.

Moto nao hupanda kilima kwa kasi inayoongezeka takriban mara 2 kwa kila nyuzi 10 za mwinamo. Makapi yaliyorundikana kando ya ekzosi yasafishwe kila mara mashine inapopumzishwa, kizima moto kimoja kiwe ndani na kingine kifikike kutoka ardhini, na anayekimbia asikimbilie juu.

Ombi langu kwa wanaosoma barua hii ni kuhusu malipo. Dereva anayelipwa kwa hekta, na mwenye mashine anayelipwa kwa hekta, na mwenye shamba anayetaka kila suke, wote 3 wanavutwa kuelekea kwenye ubavu uleule mkali. Hekta mbili za mwisho kule juu huchukua muda kama hekta tano za chini, kwa hiyo dereva huzikimbiza. Mkataba useme kwamba sehemu yenye mwinamo uliozidi kiwango fulani hulipwa kwa saa. Useme pia kwamba dereva akisema hapa siingii, hakatwi malipo wala hatafutiwi mwingine wa kuingia badala yake. Mchoro wa shamba wenye vipimo vya mteremko uambatanishwe, na sahihi za wote 3 ziwe chini yake kabla mashine haijashushwa kutoka kwenye lori.

Zile sehemu ambazo mchoro unaonyesha zimezidi kiwango zikatwe kwa mundu au kwa mashine ndogo ya kusukuma kwa mkono, ikikata kufuata kontua na mtu akiwa upande wa juu yake. Msimu unaofuata zipandwe majani ya mifugo au miti. Kombaini igeuzie chini yake, kwenye njia iliyoachwa wazi yenye upana wa kutosha kugeuka bila kurudi nyuma.

Wako msomaji,
Mkufunzi wa waendesha mashine za kilimo